Usiliguse jedwali la msingi la herufi katika Emacs

Kituruki kina i mbili. Yenye nukta, i, kubwa yake ni İ. Isiyo na nukta, ı, kubwa yake ni I. Ukichagua mazingira ya lugha ya Kituruki, kihariri cha maandishi Emacs huita turkish-case-conversion-enable, na kitendakazi hicho huandika jozi zote mbili moja kwa moja ndani ya (standard-case-table), yaani jedwali la msingi linalosema herufi kubwa ipi ni ya herufi ndogo ipi. Mimi hilo silikubali. Jedwali la msingi ni la bafa zote (maandishi yaliyofunguliwa ndani ya Emacs), za barua na za msimbo, na utafutaji usiojali ukubwa wa herufi nao hutegemea jedwali hilo hilo. Tafuta insert kwenye faili la SQL (lugha ya hifadhidata): INSERT haionekani, maana I sasa mwenzake ni ı.

Nakili jedwali, badilisha nakala, kisha uipe bafa inayoihitaji tu:

(defun kituruki-hapa ()
  (let ((j (copy-case-table (standard-case-table))))
    (set-case-syntax-pair ?İ ?i j)
    (set-case-syntax-pair ?I ?ı j)
    (set-case-table j)))

Herufi kubwa hutangulia. Ukizigeuza hupati onyo lolote, unapata tu maandishi ya ajabu.

Kosa baya zaidi ni kutumia copy-sequence badala ya copy-case-table. Jedwali lenyewe hubeba kanuni za kushusha herufi. Za kupandisha zimo kwenye jedwali jingine, lililowekwa katika nafasi ya ziada namba 0. copy-sequence haiundi nakala ya hilo la pili, linabaki la pamoja. Hapo downcase (kushusha) itabadilika kwenye bafa yako peke yake, lakini upcase (kupandisha) itaharibika kila mahali, nawe utahangaika nusu siku ukitafuta mchawi.

Usiite kituruki-hapa kwa mkono ukadhani umemaliza. Kila modi kuu (mpangilio wa Emacs kwa aina fulani ya maandishi) ikianza huita kill-all-local-variables, ambayo hurudisha jedwali la msingi kwenye bafa. Mahali pake ni ndani ya hook ya modi husika, yaani orodha ya vitendakazi vinavyoitwa modi hiyo ikianza.

Jedwali pia hulinganisha herufi moja na moja tu. Tangu Emacs 26, (upcase "ß"), herufi ya Kijerumani, hutoa "SS" kwa sababu kuna kanuni maalumu za Unicode (kiwango cha kimataifa cha herufi) kando ya jedwali, ilhali (upcase ?ß) hurudisha ß ile ile. Kwa hiyo baada ya kuweka Kituruki pima (length (downcase "İ")). Ukiona 2, kanuni hizo maalumu ndizo zilizojibu, zikaongeza nukta inayojitegemea juu ya i.

Kwa Kiswahili jedwali la herufi husingiziwa bure. capitalize-region (amri ya kuanza kila neno kwa herufi kubwa) ikikupa Ng'Ombe, tatizo ni jedwali la sintaksia, linalosema kila alama ni ya aina gani: kwenye modi hiyo alama ya ' haihesabiwi kuwa sehemu ya neno. text-mode tayari imeiwekea "w p" (w ni sehemu ya neno), ndiyo maana humo unapata Ng'ombe. Kwenye modi nyingine ya maandishi ya kawaida, weka (modify-syntax-entry ?' "w p") ndani ya hook yake. Kwenye modi ya Lisp usithubutu, kwani huko ' ni alama ya kunukuu, na amri za kuruka kutoka usemi hadi usemi zitapotea njia.