Jamani mie nina kichwa kimoja

Ukimsikia tajiri anakwambia "hebu nifanyie hili mara moja tu" ujue siku imeshakwenda hiyo. Mie nnafanya ukarani kwenye bohari la vyakula hapa Darajani, Unguja, silitaji la nani, na kazi yangu tulivokubaliana ni kuandika mzigo unaoingia na unaotoka, basi. Mapolo ya mchele, ndoo za mafuta, sukari, unga. Lakini ndani ya hiyo "basi" ndo mna kupokea simu, kujibu meseji za wateja, kukaa dukani muuzaji akenda kuswali, kumtafutia tajiri miwani ambayo iko kichwani mwake, kwenda kumchukua mwanawe skuli, na kumwambia yule jamaa anaemdai kuwa tajiri kasafiri huku tajiri mwenyewe anakohoa nyuma ya mapolo.

Na siku hizi hata matangazo ya kazi nnayaona yameandikwa hivo hivo, mwombaji awe na uwezo wa kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Sasa uliza mshahara, huo ndo utaambiwa mmoja.

Tajiri wangu yeye anajisifu kwa hilo. Ana simu mbili, moja sikio la kulia moja la kushoto, anazungumza zote pamoja na huku mkono anamuashiria hamali ashushe, na jicho liko kwa mtoto anaechezea mizani. Ukimtazama utasema mashaallah huyu bwana kaumbwa vyengine. Basi siku moja sikio la kulia yuko mteja wa Wete, la kushoto yuko wa Mkoani, na mzigo unasubiriwa hapa bandarini Malindi chombo kinapakia. Wa Wete anataka mchele wa mapembe, wa Mkoani anataka unga na sukari. Mie nimeshika kalamu nasubiri neno. Tajiri kasema "haya peleka wote, sawasawa, bei ile ile", lakini kamwambia nani hakuna anaejua mpaka leo, kwa sababu wote wawili walijibu "inshaallah". Mchele ukashuka Mkoani, unga ukashuka Wete, na hivi unavojua Pemba ilivokaa, mmoja kusini mmoja kaskazini, pale katikati ni kulipia gari. Halafu wa Mkoani kwa kuwa mchele ulimfikia kwa bei ya unga akazima simu kabisa.

Unadhani alijifunza? Aliniambia mie "karani, siku nyengine uwe unasikiliza". Nisikilize sikio lipi sasa?

Nnae mpwa wangu anasoma chuo, kijana anapenda kusoma soma, nikamsimulia akacheka mpaka akakaa chini kisha akaniambia mjomba mbona hili limeshapimwa zamani. Kuna watafiti Marekani, Rubinstein, Meyer na Evans, mwaka 2001 walitoa utafiti wao, waliwapa watu kazi wakawa wanawahamisha hamisha kutoka hii kwenda ile, wakaona kila ukihama kuna muda unapotea maana kichwa lazima kiiwache ile ya mwanzo na kijikumbushe hii ya pili inafanywaje, na kazi ikiwa ngumu ndo muda unapotea zaidi. Huyo Meyer, wa Chuo Kikuu cha Michigan, akaja kusema mihamo hiyo inaweza kula mpaka asilimia 40 ya muda wa mtu wa kufanya kazi. Arubaini! Yaani tajiri ananilipa mie kamili, arubaini yangu anaila mwenyewe kwa mdomo wake, halafu jioni ananiuliza mbona leja haijesha.

Na kuna bibi mmoja wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Gloria Mark, yeye kawafuata watu maofisini na saa mkononi, akaja na hesabu kuwa mtu akishakatizwa inamchukua kama dakika 23 kuirudia ile kazi yake. Mie hapa hata dakika 5 za kukatizwa vizuri sipewi, nnakatizwa ndani ya kukatizwa. Kwa hesabu ya bibi huyo kazi ya Jumatatu mie ntaifikia Alkhamisi, na Alkhamisi jioni watu washaanza mambo ya Ijumaa.

Lakini lililonifurahisha ni la Stanford. Mwaka 2009 hao waliwachukua watu wa aina ya tajiri wangu, wale wanaotazama hichi huku wanasoma kile na sikio liko kwengine, wakataka kujua hawa wana kipaji gani ambacho sisi wengine hatuna. Wapi bwana! Wameonekana ndo wanaovutwa zaidi na mambo yasiyowahusu, na hata kwenye mtihani wenyewe wa kuhama kazi moja kwenda nyengine, ule ambao ungesema ndo fani yao, walishindwa na wale wa moja moja. Nilimwambia mpwa wangu anirejelee hapo mara mbili.

Ati watu wanasema mbona kompyuta inaweza. Kompyuta yenyewe ukichungulia ndani, kila kiini chake cha kufanyia kazi kinafanya zamu, kidogo hii kidogo ile, ila mbio sana ndo unaona yote yanakwenda pamoja. Na ikizidiwa inaganda. Ikiganda watu wanaionea huruma, "iwache ipumue". Karani akiganda anaambiwa mvivu.

Sasa na sisi Wazanzibari tuna tatizo jengine ambalo hao wa California hawakulipima. Mtu wa kule akikukatiza anakuuliza lake anaondoka. Hapa anaanza na asalaam alaikum, umeamkaje, watoto, bi mkubwa hajambo, na yule mgonjwa wenu, aa alhamdulillahi, na huyu mdogo ashaanza chuoni, ameshafika juzuu ya ngapi. Na wewe umeshika 47 kichwani, mapolo 47, na huwezi kumwambia mzee wa watu subiri, utaonekana huna adabu na habari itafika nyumbani kabla yako. Ukimaliza kujibu ya mgonjwa, 47 imeshakwenda zake, unaanza kuhesabu upya kutoka mlangoni.

Nilijaribu dawa. Asubuhi niliandika kwenye karatasi jambo moja tu, mzigo wa Pemba, kwa sababu chombo hakimsubiri mtu na mengine yote yanaweza kulala mpaka mchana. Simu nikaitia mtoto wa meza. Nusu saa tu, nilikwenda vizuri mie, safu zimenyooka utadhani zimeandikwa na hakimu. Kumbe huko nje tajiri kanipigia, kampigia hamali aje aniulize mbona sipokei, hamali kaja na lake la posho, kisha mama watoto kampigia tajiri kumuuliza kama nimekufa. Tajiri kaja mwenyewe mbio mbio kusimama mbele yangu. Anataka nini? Anataka nimwambie leo tarehe ngapi. Na simu zote mbili kazishika mkononi.

Uchungu wangu hasa ni huu, kuna watu wanaachiwa. Hapo mtaani kwetu yuko bi mmoja anashona kofia kwa mkono, zile za viua, anakaa barazani na sindano yake anatoboa kitundu, anakizungushia uzi, anaukaza, anakitazama, ndo anakwenda cha pili. Kofia moja inakwenda miezi. Ukimsalimia anakuitikia baada ya kumaliza kiua alichonacho, na hapana anaechukia, watu wanasimama pale wanangoja kuitikiwa. Nilimpelekea pesa ya kofia, nikamuuliza bi mkubwa, itawahi Iddi? Kanijibu bila kuinua uso, "Iddi ipi?"

Na nikasema ahsante! Mie nikimjibu mteja hivo nnafukuzwa kabla ya adhuhuri.

Basi nikajikaza, nikamwendea tajiri na habari zote za mpwa wangu, ya Michigan, ya Irvine, ya Stanford, nikampa na mfano wa Wete na Mkoani kwa adabu, bila kumtaja yeye. Kasikiliza (simu moja kaizima, nilistaajabu), kisha kasema karani umesema kweli, bohari zima tunahangaika, kuanzia kesho hapa kila mtu jambo moja tu, akimaliza ndo anashika jengine. Nikashukuru, macho yananilenga lenga. Kisha kasema na wewe ndo utalisimamia, utembee utazame nani kashika mawili, uniandikie ripoti kila jioni, juu ya hizi kazi zako.

Nikamuuliza sasa tajiri, katika hizi zangu lipi niliweke la kwanza?

Kasema, "Yote."