Sentimita Tano za Corolla

Nyonga yangu ya kushoto ina alama ya kishikio cha mlango wa Toyota Fielder, ile Corolla yenye buti ndefu, niliyopanda asubuhi ya leo kutoka Kisumu kwenda Yala, na kabla alama hiyo haijafutika ningependa kuwasilisha malalamiko yangu kwa utaratibu na bila matusi.

Sisi tuliosafiri katika Peugeot 504 tunakumbuka kwamba Wafaransa walituwekea safu tatu za viti, wakatarajia watu saba. Nasi tulizidisha, lakini tulizidisha juu ya msingi wa maana. Ikaja Corolla ya toleo la 100, ikaja ya 110, na mwaka 2000 Toyota ikatoa Fielder ya kwanza. Ya pili ilifuata mwaka 2006 na ya tatu mwaka 2012, ambayo ilijengwa juu ya msingi wa akina Vitz, magari madogo ya Toyota, na kutoka ikiwa fupi kuliko dada yake. Taa zimenolewa, mseto wa petroli na umeme umepatikana tangu 2013, lakini upana wa vizazi vyote vitatu ni ule ule wa milimita 1,695, kwa kuwa gari likipita mita 1.7 kule Japani huhesabiwa katika daraja la magari makubwa. Mjapani alilinda daraja lake. Makalio ya Nyanza hayakuulizwa.

Kwenye steji tulikuwa watatu nyuma, yaani mimi, mama mwenye ndoo ya omena na mwalimu mstaafu, wakati makanga alipofungua mlango akiwa na mtu wa nne.

"Mzee, songa kidogo."

Nilimweleza kwa upole kwamba ukiondoa unene wa milango, nafasi iliyobaki haifiki mita moja na nusu, na kwamba watu wanne wazima hawawezi kugawana kiasi hicho na ndoo.

"Mzee, hii si ile ya zamani. Hii ni ya juzi, ni kubwa."

Nikamwambia kwamba hii ya juzi ndiyo fupi. Alinitazama kwa huruma, kisha akatoa maagizo: wawili waegemee nyuma, wawili wasogee mbele.

"Mbele wapi?" akauliza mwalimu, ambaye magoti yake yalikuwa karibu na kidevu.

"Mbele tu, mwalimu. Mtapumua kwa zamu."

Mama akacheka, ndoo ikainama, na omena kadhaa wakaingia katika mfuko wa koti langu la mazishi. Jamani! Koti la mazishi! Mtu wa nne akaketi, mlango ukafungwa kwa goti, na dereva akaikalia robo ya kiti chake, robo tatu akimwachia kijana mmoja, akawa anatafuta gia kwenye mapaja ya watu.

Kizuizi cha Kisian tulikipita bila kuulizwa lolote. Luanda akaongezwa mmoja kwenye buti.

Mwaka 2019 Toyota ilitoa Corolla Touring, ambayo hata inayouzwa Japani imefika milimita 1,745, na nilipomweleza makanga habari hiyo wakati ananivuta nje kwa mkono pale Yala, uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza.

"Sentimita tano?" akasema. "Hapo mtu wa tano anaingia."