Milionea wa Kuazima

Bando la GB mbili nililonunua Jumapili ili lidumu wiki nzima limekufa Jumatatu usiku. Aliyeliua ni Mmarekani mmoja mwendesha mitambo ya ujenzi, Evan Marriott, ambaye mwaka 2003, kwenye kipindi cha televisheni cha kutafuta mchumba, alivalishwa suti asiyoizoea akawadanganya wanawake 20 kwamba karithi dola milioni 50. Nilifungua kipande kimoja tu cha dakika tatu, kukumbushia ujana. Simu ikaniletea cha pili bila kuombwa. Kuja kushtuka ni saa nane usiku, macho yamenivimba kama mlinzi wa benki, na ujumbe umeingia: "Ndugu mteja, umetumia..." Sikuumalizia. Ndugu mteja! Undugu gani huo wa kumla mtu akiwa amelala kitandani kwake?

Mama Zawadi akageuka upande wa pili. "Bado uko na yule tapeli mwenzio?"

Nitawaeleza kwa nini alisema "mwenzio", lakini tuanze mwanzo.

Wanangu wakiona vipindi vya siku hizi vya watu kutafuta wachumba ufukweni wanadhani wamekiona kituko. Hawajui kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 televisheni za Marekani zilipandwa na kichaa ambacho hata sisi wa uswahilini, tuliozoea kusikiliza ugomvi wa majirani kupitia ukuta wa matofali ya kusimamisha, tulibaki tumeshika midomo.

Binamu yangu alikuwa Columbus, Ohio, anapakia maboksi ghalani. Watu wengine walikuwa wanatumiwa dola na ndugu zao. Sisi tulitumiwa kanda za video alizorekodi mwenyewe kwenye televisheni. Tulipoitia ya kwanza kwenye deki, picha ikaruka ruka, halafu ikatulia ikiwa nyeusi na nyeupe. Kumbe kanda za Marekani zina mfumo wao, NTSC, na deki yetu ya Dar ilikuwa ya PAL. Fundi akataka elfu kumi. Tukasema tutatazama hivyo hivyo. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia habari za kasri la Ufaransa alikopelekwa Evan, kichwani mwangu linakuja la kijivu na linapanda juu pole pole.

Kanda iliyotuvunja mbavu ilikuwa ya tarehe 15 Februari 2000. Las Vegas, wanawake 50 wanapita jukwaani kama wanagombea ubunge, na milionea mwenyewe kafichwa, anaonekana kivuli tu. Saa mbili za kipindi, bwana akajitokeza, akachagua, hakimu alishaandaliwa, ndoa ikafungwa pale pale. Bwana harusi Rick Rockwell, bibi harusi Darva Conger, nesi wa kitengo cha dharura. Ndiyo kwanza wanaonana sura na tayari ni mke na mume, mbele ya watazamaji wapatao milioni 23.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkekani anachagua mchele. Aliuliza swali moja tu: "Mshenga wao nani?"

Tulicheka, tukamwona hajui mambo. Haukupita muda tovuti ya The Smoking Gun ikaanika karatasi za mahakama: mwaka 1991 mchumba wa zamani wa huyo bwana alipata amri ya kumzuia asimkaribie. Bwana akakana kwamba aliwahi kumpiga, lakini maji yalishamwagika. Walirudi kutoka fungate kila mtu na lake, na miezi miwili haikutimia ndoa ikabatilishwa. Sasa niambieni. Kampuni nzima ya televisheni, wanasheria, kamera, na bado wakashindwa kujua jambo ambalo mzee mmoja wa kwetu mwenye kanzu na bakora angelijua kwa nauli ya daladala na vikombe viwili vya kahawa. Mshenga anakwenda kukaa kijiwe cha jirani na nyumba yenu, anacheza bao, anashindwa kwa makusudi, na kabla ya alasiri kuadhiniwa anajua unadaiwa shilingi ngapi dukani kwa Mpemba.

Baada ya hapo ikawa mashindano ya nani kachanganyikiwa zaidi. Mwaka 2001 wakachukua jozi nne za wapenzi, wakawapeleka kisiwani Belize, wakawatenganisha, kila mmoja akazungukwa na warembo au mabarobaro wa kumjaribu imani, halafu usiku wanaonyeshwa video ya mwenzake anafanya nini kule. Jozi moja ikatolewa ilipogundulika kwamba wana mtoto pamoja, maana hapo hata wale watengenezaji waliona aibu, na kuwatia aibu wale si kazi ndogo. Mwaka huo huo kukawa na kipindi cha kumfunga mtu mnyororo na watu wanne wa jinsia nyingine, wakae hivyo siku kadhaa, awaachie mmoja mmoja. Wamarekani wakakiita burudani. Mimi niliwahi kubanwa hivyo hivyo kwenye gari la Mbagala saa kumi na mbili jioni na nikalipa nauli. Halafu 2003 wakaja na wanaume 20 waliovaa barakoa, binti anachagua kwa tabia tu bila kuona sura, na mwendeshaji wa kipindi ni Monica Lewinsky. Ndiyo, huyo huyo wa kashfa ya Rais Clinton. Sina la kuongeza.

Sasa turudi kwa Evan. Mshahara wake wa kweli ulikuwa dola 19,000 kwa mwaka. Wakampeleka Ufaransa kwenye kasri, wakampa mtumishi mwenye lafudhi ya Australia wa kumfundisha kushika uma na kuonja mvinyo, wakamletea wanawake 20 walioambiwa huyu ni tajiri. Raha ya kipindi ilikuwa kusubiri mwisho, aseme ukweli tuone sura ya huyo mwanamke inavyobadilika. Tarehe 17 Februari 2003 Wamarekani kama milioni 40 waliketi kusubiri sura moja ibadilike. Alimchagua Zora, mwalimu wa kushikia vipindi vya wenzake, akamwambia mimi sina kitu. Mama wa watu akakubali. Ndipo yule mtumishi akaleta hundi ya dola milioni moja wagawane. Mapenzi yenyewe hayakufika mbali, ila hundi ilifika.

Binamu aliituma kanda hiyo mwezi wa tano. Watu wengine pale sebuleni waliona utapeli. Mimi niliona mbinu.

Wakati huo nilikuwa karani wa kuhesabu magunia kwenye ghala moja Kariakoo, na nilikuwa namfuatilia binti mmoja wa Magomeni. Rafiki yangu Shabani alikuwa fundi wa magari Ilala. Nikamweleza habari za kasri. Akafikiri kidogo, akasema kasri hana, ila ana Toyota Chaser nyeupe ya mteja, mwenyewe kasafiri mpaka Jumanne. "Tatizo lake moja dogo," akasema. "Rivasi haiingii."

Nikajiambia, rivasi ya nini? Mimi nakwenda mbele kimaisha.

Tukafika Coco Beach saa tisa alasiri, vioo chini, mkono nje, nimevaa shati la Shabani. Binti yuko kimya, ananitazama kwa pembeni. Nikapaki kwa madaha, pua ya gari inaangalia bahari, mita mbili kutoka kwenye ukuta. Tukashuka. Yeye akapita nyuma ya gari, akasimama. Kioo cha nyuma chote kilikuwa na stika ya kwaya ya kanisa, herufi nyekundu, na picha ya waimbaji wamepanga mistari.

"Salum," akaniita taratibu. "Wewe unaimba kwaya?"

Hapo mwanamume mwenye akili angesema gari si langu. Evan mwenyewe mwishowe alisema. Lakini mimi nilikuwa nimeshaonja utajiri kwa dakika arobaini na ulimi ukawa haunitii. "Naimba, naimba," nikasema. "Siku moja moja."

"Sauti gani?"

"Besi."

Hakucheka. Akasema "aha", akaagiza mihogo. Tulikula mihogo ya pilipili mpaka jua likazama, na kusema kweli tulizungumza vizuri kuliko siku yoyote. Kasheshe ikawa kuondoka. Ukuta mbele, gari zimejaa kushoto na kulia, na rivasi ndiyo hiyo. Nikajidai natafuta kitu chini ya kiti. Nikajaribu gia, ikalia kama mbuzi. Mwishowe nikawaita wauza mihogo wawili na kijana wa madafu waje wanisukume kurudi nyuma. Mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka Oysterbay, "Bosi, gari zima hili halirudi nyuma?" Nilipotazama kioo cha pembeni, nikamwona binti kaweka mkoba begani, kavua viatu, naye anasukuma. Evan alipewa mtumishi wa kumfungulia mlango. Mimi mtumishi wangu ndiye aliyekuwa mchumba.

Wamarekani nao walitaka kurudia. Oktoba ile ile wakaleta msimu wa pili, Italia, na wanawake wa Ulaya, kwa sababu Marekani nzima ilishaujua mchezo. Ukaanguka puu. Mimi pia nilirudi kwa Shabani. Safari hiyo gari pekee lililokuwa gereji ni la kubebea majeneza.

Posa ilipopelekwa, shangazi yake alimsikiliza mshenga wangu mpaka mwisho, akauliza, "Ni yule wa magunia au kuna mwingine wa kwaya?" Kumbe walikuwa wamenichunguza kabla hata ya Coco Beach. Wanajua ghala, wanajua mshahara, wanajua chumba changu Manzese na siku zinazobaki za kodi. Binti alipanda lile Chaser akijua fika ni la watu. Eti alitaka kuona nitafika wapi.

Hicho chumba cha Manzese kiacheni. Kulikuwa na kipindi cha MTV, mtu anapekua vyumba vitatu vya watu asiowajua, na glavu, na koleo, na taa ya zambarau inayoonyesha madoa, halafu anachagua wa kutoka naye kwa kutazama vyumba tu, huku wenyewe wanajiona garini wanavyoaibishwa. Ningekuwa mimi, huyo mpekuzi angefika kwenye sufuria iliyokuwa chini ya kitanda akaomba hifadhi ya ukimbizi.

Kipindi kinachoniuma ni kile cha basi, cha mwaka 2005, nilikuwa nakitazamia kwa jirani mwenye dishi. Watu watano wanasubiri ndani ya basi, anashuka mmoja mmoja kukutana na mchaguzi. Akimchosha anamfukuza kwa neno moja, anashuka mwingine. Lakini kila dakika aliyovumilia analipwa dola moja. Wengine walifukuzwa kwa sekunde, hata mguu wa pili haujagusa lami. Wiki iliyopita Mama Zawadi kasikia habari hiyo, akachukua kalamu. Saa tisa mpaka saa moja usiku ni saa nne, dakika 240, dola 240, bado hajaweka kazi ya kusukuma. Anadai na riba.

Halafu 2006 akaja Flavor Flav wa kundi la rap la Public Enemy, mzee mzima kavaa saa ya ukutani shingoni, nyumba imejaa wanawake, na kwa vile majina hayashiki akawabatiza wote majina mapya siku ya kwanza. Anayebaki anapewa saa yake kubwa ya shingoni, anayetoka hana saa. Watu walimcheka. Mimi nikanyamaza, maana nilikuwa na miaka miwili ya ndoa na ndani ya nyumba yangu mwenyewe nilikuwa siitwi Salum. Naitwa Besi. Shemeji zangu wananiita Besi. Mwanangu wa pili mpaka anaanza darasa la kwanza aliandika kwenye fomu: jina la baba, Besi.

Nikiwa nalalamika hivi usiku wa jana, nikamwambia Mama Zawadi kwamba vile vipindi vyote vilikuwa uongo mtupu, hakuna ndoa pale. Akasema si kweli, yule Trista wa kipindi cha The Bachelorette, aliyechagua mwanamume kwa kugawa maua ya waridi mwaka 2003, aliolewa naye Desemba ile ile, na mpaka leo wako pamoja. Nikashangaa anajua. Kumbe na yeye huwa anatazama, mimi nikilala.

"Yule Zora alipata nini?" akaniuliza gizani.

"Nusu ya milioni. Dola."

Akanyamaza muda mrefu. Feni inazunguka.

"Mimi nilipata mihogo," akasema.

Asubuhi nilimwomba anirushie intaneti kwenye simu yake nimalizie kipande cha mwisho, maana sina hata MB moja. Akasema fungua mwenyewe, iko hewani. Nikatafuta kwenye orodha: kuna ya jirani, kuna ya duka la dawa, na kuna moja imeandikwa RIVASI. Nenosiri hakunipa. Nikajaribu "kwayabesi", ikafunguka.