Sakafu ya vinili kwenye nyumba yenye watoto: usinunue unene, nunua tabaka la juu

Ukitaja vinili kwa nyumba ya familia watu wanagawanyika pande mbili, na kila upande unaongea kwa uhakika kabisa. Wa kwanza wanakwambia weka tu, haiogopi maji, haina ubaridi wa taili, mtoto akianguka haumii sana, kikombe kikidondoka kuna nafuu kisipasuke, na fundi anamaliza chumba ndani ya siku moja. Wa pili wanasema hiyo ni plastiki iliyochapwa picha ya mbao, itachubuka, itabonyea, ina harufu, ina kemikali, bora ujikaze uweke taili au mbao yenyewe. Mi naona wote wanasema kweli, ila wanaongelea vitu tofauti kwa jina moja, manake vinili ni kuanzia ile ya rola nyembamba unayoweza kuikunja mkononi mpaka zile mbao ngumu (yani vipande virefu vya vinili vyenye umbo la mbao) za milimita 8 zinazobana zenyewe kwa zenyewe, sasa mtu aliyeweka ya kwanza na mtu aliyeweka ya pili hawawezi kukubaliana hata siku moja.

Kwa hiyo swali la "vinili inadumu au haidumu" halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: ipi, juu ya sakafu gani, na itaharibika kwa namna gani siku ikiharibika.

Tuanze na kile kinachouzwa zaidi dukani, yani unene. Mteja anashika kipande, anakigonga, anasikia kizito na kinene, anaamini ni imara. Lakini vinili ni matabaka. Chini kuna mgongo, wakati mwingine na sponji ya milimita moja hivi iliyobandikwa, juu yake kiini, juu ya kiini ile picha ya mbao au jiwe, na juu ya picha kuna plastiki angavu, hilo ndo tabaka la juu. Hiyo plastiki angavu ndo inayokula msuguano wote wa miguu, mchanga na viti, ikishaisha unafikia picha na picha ikishachubuka hakuna dawa, huwezi kuipiga msasa ukairudisha kama mbao. Unaweza kukuta mbao ya milimita 8 yenye tabaka la juu la milimita 0.3 tu, na pembeni yake kuna ya milimita 2.5 yenye tabaka la 0.55, na hii nyembamba ndo itavumilia miguu miaka mingi zaidi japo mkononi inaonekana ya kimaskini.

Namba zenyewe za tabaka la juu, kwa milimita, ziko hivi. Za 0.15 au 0.2 ni za chumba ambacho hakipitwi sana. 0.3 ni ya nyumba ya kawaida, inatosha vyumba vya kulala. 0.5 au 0.55 ndo ningetaka sebuleni, koridoni na jikoni kwenye nyumba yenye watoto na mbwa, na 0.7 ni ya maduka na maofisi. Kuwa makini na boksi zinazoandika kwa kipimo cha Wamarekani kinachoitwa mil, hicho sio milimita, ni sehemu moja ya elfu ya inchi, kwa hiyo ile "20" inayokuvutia ni nusu milimita tu, na "12" ni 0.3. Sio utapeli, ni kipimo chao, ila mtu anaweza kurudi nyumbani anaamini amenunua kitu kingine kabisa. Kwenye boksi nyingine utakuta alama ndogo ya nyumba na namba 21, 22 au 23, hizo ni daraja za matumizi ya nyumbani na 23 ndo ya matumizi mazito, zikianza na 3 (31 mpaka 34) ni za biashara. Vinili yenye 23/33 kwa familia ni ya kutuliza roho.

Sasa hapa wanaoipinga wana hoja ambayo wauzaji hawapendi kuigusa. Tabaka la juu linazuia kuchakaa, halizuii kubonyea wala kuchanika. Na kwenye nyumba nyingi kinachoumiza sakafu ni friji iliyovutwa bila kunyanyuliwa, kitanda chenye miguu ya chuma, gari la mtoto lenye tairi la plastiki ngumu likibeba punje ya mchanga chini yake. Hapo kinachofanya kazi ni kiini. Zile zilizoandikwa SPC kiini chake ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki, ni kizito na kigumu, hakibonyei kirahisi na joto halikitanui sana, lakini chini ya mguu kinasikika kigumu na kina ubaridi kidogo. Zilizoandikwa WPC kiini kimejaa vipovu vya hewa, ni laini, kinapunguza kelele, mguu unakipenda, ila miguu ya kabati zito inaacha alama. Mwenye watoto wadogo wanaoshinda sakafuni atavutwa na WPC na mi namwelewa, ila kama una fenicha nzito na unapenda kuhamisha hamisha vitu SPC itakuweka salama zaidi.

Halafu hili la maji. Karibu kila boksi imeandikwa haipitishi maji, na ni kweli kabisa, ile mbao yenyewe ukiitumbukiza kwenye ndoo itatoka kama ilivyoingia, hapo inaishinda laminati mbali sana maana laminati kiini chake ni unga wa mbao uliogandamizwa na kikinywa maji kinavimba hakirudi. Lakini mbao ya vinili kutopitisha maji na sakafu nzima kutopitisha maji ni mambo mawili. Maji ya ndoo iliyomwagika yakikaa muda yanapita kwenye maungio na pembeni ya kuta, yanaingia chini, na yakishaingia hayana pa kutokea kwa sababu juu yamefunikwa na plastiki, ndo mwanzo wa fangasi na ile harufu ambayo unadeki kila siku na haiondoki. Kwa bafuni na chumba cha kufulia, kama ni lazima iwe vinili, mi ningechukua ile ya rola, pana, yenye maungio machache au bila maungio kabisa, na kingo zake zizibwe kwa silikoni. Watu wanaidharau kwa sababu haina sura ya mbao lakini kwa maji haina mpinzani kwenye familia yake.

Na kuna maji yanayotoka chini, hayo ndo yanayosahaulika kabisa. Zege jipya linaonekana kavu juu wakati ndani bado lina maji mengi, mafundi wana kanuni ya makadirio kwamba linakauka kama sentimita 2.5 kwa mwezi, kwa hiyo zege la sentimita 10 linaweza kuhitaji miezi minne, na hali ya hewa yenye unyevu inaongeza. Kipimo cha bei rahisi ni kubandika kipande cha nailoni ngumu kwenye zege, upana wa nusu mita hivi kila upande, kingo zote zizibwe kwa teipu, uache siku nzima. Ukifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi zaidi hapo, usiweke chochote kwanza. Kipimo hiki hakitoi namba na zege likionekana kavu bado sio uhakika wa asilimia mia, lakini kikionyesha unyevu kimeshakuokoa.

Hapa ndo nasimama kwa nguvu zote: ukiwa na hela ya kuchagua kati ya vinili ya daraja la juu na kusawazisha sakafu iliyo chini, sawazisha sakafu. Kiwango ambacho watengenezaji wengi wanataka ni mabonde yasizidi milimita 5 kwenye urefu wa mita 3. Vinili ya kubana ikilala juu ya bonde, kila unapokanyaga inacheza, ulimi wa kwenye maungio unachoka, unakatika, mbao zinaanza kuachana na watu wanalaumu vinili. Ile ya kubandikwa kwa gundi ikiwekwa juu ya sakafu yenye vijiwe au mistari ya taili za zamani, kila kijiwe na kila mstari utauona juu, hasa mwanga ukiingia kwa pembeni.

Gundi au kubana? Wengi wanachagua ya kubana kwa sababu ni ya haraka, haina harufu ya gundi, na unaweza kuiweka juu ya taili zilizopo, hizo ni sababu nzuri. Lakini kwa sakafu ya zege iliyonyooka na familia inayokusudia kukaa hapo mi naipa ya gundi kura yangu. Imekamatwa chini kote kwa hiyo haichezi na haitoi mlio, jua la dirishani haliitanui hovyo, unaweza kuweka makabati mazito juu yake, na kipande kimoja kikiharibika fundi anakipasha moto anakibandua anaweka kingine. Ile ya kubana kipande cha katikati kikiharibika mara nyingi inabidi ufungue kuanzia ukutani mpaka ukifikie, na ukiigandamiza kwa makabati ya jikoni ya kudumu au fundi akisahau kuacha nafasi ya milimita 5 mpaka 10 kwenye kuta (ile inayofunikwa na skatingi) siku ya joto itanyanyuka katikati. Ubaya wa gundi ni kwamba haisamehe, inahitaji fundi anayejua na sakafu safi kabisa.

Kuhusu kemikali siwezi kupita juu juu kwa sababu tunaongelea watoto wanaotambaa na kuweka mikono mdomoni. Vinili ni PVC, aina ya plastiki, na PVC peke yake ni ngumu, inalainishwa kwa vilainishi, na kwa miaka mingi vilainishi hivyo vilikuwa jamii ya ftaleti. Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo yaliyoonyesha uhusiano kati ya ftaleti kwenye vumbi la nyumbani na pumu na mzio kwa watoto. Uhusiano sio uthibitisho wa kusababisha, ila ulitosha kuamsha watu, na tangu 2020 Umoja wa Ulaya unabana ftaleti nne zisizidi asilimia 0.1 kwenye bidhaa nyingi za ndani. Leo ziko vinili nyingi zisizo na ftaleti na zinaandika hivyo, isipoandikwa uliza, na muuzaji asipokuwa na jibu mi ningehama duka. Nembo kama FloorScore na GREENGUARD Gold zinasaidia, lakini elewa zinapima gesi zinazotoka kwenye sakafu kwenda hewani, hazikuambii kila kilichomo ndani. Siku za mwanzo fungua madirisha.

Kama nyumba ni ya zamani na kuna vigae vya vinili vya zamani, hasa vile vidogo vya inchi 9 kwa 9, usivikwangue wala kuvipiga msasa. Vingi vilitengenezwa na asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, mpaka miaka ya 1980, na hata ile gundi nyeusi ya chini inaweza kuwa nayo. Vikiwa vizima, kuvifunika ni salama kuliko kuving'oa, na kama lazima vitoke vipimwe kwanza. Na asiyetaka PVC kabisa asidhani linoleamu ni jina lingine la vinili kama inavyosemwa madukani, linoleamu ilibuniwa na Frederick Walton huko Uingereza miaka ya 1860 kwa mafuta ya mbegu za kitani, rangi kwenye nyingi inaenda mpaka chini ikichunika haionekani sana, ila maji yaliyotuama haiyapendi.

Kwa hiyo wale wa taili wako sahihi? Kwa bafu na mlango wa nje, ndio, sitabishana nao, taili iliyowekwa vizuri inadumu miongo na mchanga hauifanyi kitu. Wale wa mbao nao wana hoja, mbao inapigwa msasa inaanza upya, vinili haianzi upya, inatolewa na kutupwa, na kuirejeleza ni shida. Ila kwa sebule, koridoni na vyumba vya watoto, ukilinganisha ulaini, kelele, usafi na gharama ya kurekebisha, vinili ya 0.5 isiyo na ftaleti juu ya sakafu iliyonyooka naiona inashinda. Rangi chagua ya kati isiyong'aa, nyeusi inaonyesha kila mkwaruzo na kila vumbi.

Weka zulia la kukung'utia miguu mlangoni, lakini lisiwe na mgongo wa mpira kwa sababu mpira unaacha doa la njano ambalo halitoki kwa sabuni yoyote. Miguu ya viti ivalishwe vitambaa, mashine ya kudekia kwa mvuke isitumike. Na siku ya kununua chukua boksi moja la ziada lenye namba ileile ya toleo, utunze chini ya kitanda, maana baada ya miaka mitatu rangi ile inaweza isiwepo tena sokoni na ikiwepo haitafanana.