Pesa za Saudia na Ngazi ya Baiskeli

Fundi wetu wa baiskeli pale Kondele, Kisumu, hana mashine ya kunyooshea rimu. Huipindua baiskeli ikae juu ya kiti na usukani, akashika kipande cha chaki karibu na rimu, kisha akazungusha gurudumu polepole. Chaki inapogusa, hapo ndipo rimu imepinda. Anakaza spoki moja nusu mzunguko, analegeza ya upande wa pili, anazungusha tena. Jumamosi iliyopita alikuwa akimfanyia hivyo kijana mmoja kati ya wale wanaopanda mlima wa Riat alfajiri, kabla matatu za Kakamega hazijajaa Mamboleo. Baiskeli yenyewe ni ya mtumba. Gurudumu la nyuma na la mbele hayakutoka kiwanda kimoja. Kijana akaniuliza, "Mzee, hizi pesa za Saudia wanazosema zitaingia kwenye baiskeli, zitatufikia sisi huku?"

Nilimjibu kwa kirefu kuliko alivyotaka, na bado sikumaliza. Yaliyobaki nayaandika hapa.

Suala lenyewe ni hili. Kwa miaka kadhaa sasa baadhi ya timu kubwa za mbio za baiskeli za barabarani, msukumaji mkuu akiwa Richard Plugge wa timu ya Uholanzi ya Visma-Lease a Bike, zimekuwa zikitaka mageuzi kwa jina la One Cycling. Wazo ni kuunda kampuni moja ambamo timu na waandaaji wa mbio wana hisa, haki za televisheni ziuzwe kwa pamoja, kalenda ipangwe upya ili mbio kubwa zisigongane na nyota wakutane mara nyingi zaidi, kisha faida igawanywe. Mtaji ungetoka kwa SURJ Sports Investment, kampuni iliyo chini ya mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, na vyombo vya habari vilitaja karibu euro milioni 250. Flanders Classics, waandaaji wa mbio kubwa za Ubelgiji, wakakubali. ASO, kampuni ya familia ya Amaury ambayo ndiyo mwenye Tour de France, mbio maarufu kuliko zote za baiskeli, ikakaa kando. Juni 2025 shirikisho la kimataifa, UCI, likaukataa mradi kama ulivyowasilishwa, likisema haupatani na kanuni zake wala mfumo wake wa uongozi.

Kukataliwa huko hakujamaliza hoja, maana kilichoizaa hakijaondoka.

Fikiria klabu ya mpira. Gor Mahia, hata ikiwa na matatizo kiasi gani, ina jina lake, ina mashabiki wake, na siku ya mechi kuna mlango wa kulipia. Timu ya baiskeli haina hata kimoja cha hivyo. Uwanja wake ni barabara ya umma. Shabiki anasimama kando ya barabara bila kulipa senti. Pesa za televisheni zinakwenda kwa mwenye mbio, na timu hazipati mgao. Zawadi nazo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: mshindi wa Tour de France, baada ya hatua 21, yaani mbio za siku moja moja, katika wiki tatu, hupata euro 500,000, na desturi ni kugawana na wenzake waliomkinga upepo na wahudumu waliomjazia chupa za maji. Hata jina la timu si lake, ni la mfadhili. Mfadhili akiondoka, jina linaondoka naye, na waendeshaji karibu 30 wanaanza kupigia simu mawakala.

Sisi Waafrika jambo hili linatuuma kuliko wengine, na ndiyo sababu siwezi kuwacheka wanaotaka mageuzi. Mwaka 2015 MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kuingia Tour de France. Mwendeshaji wake Daniel Teklehaimanot wa Eritrea akavaa jezi ya madoadoa mekundu ya mfalme wa milima. Tarehe 18 Julai, siku ya Mandela, mwenzake Steve Cummings akaishindia timu hatua. Miaka sita baadaye timu hiyohiyo, ikiitwa Qhubeka NextHash, ilikuwa na mfadhili mpya wa biashara ya sarafu za kidijitali aliyetia saini mkataba wa miaka mitano. Mwaka huohuo wa 2021 ukiisha, timu ikafungwa kwa kukosa fedha. Ile iliyokuwa nyumba ya Waafrika kwenye mbio kubwa ikatoweka, wala hakukuwa na kiwanja cha kuuza wala mgao wa televisheni wa kuivusha mwaka mmoja.

Biniam Girmay mwenyewe, yule Mweritrea aliyeshinda hatua tatu za Tour de France 2024 na kurudi nyumbani na jezi ya kijani ya aliyeongoza kwa pointi, alianza kuendesha kwa kulipwa katika timu ya Ufaransa, Delko, iliyoporomoka kifedha mwaka 2021. Akaokolewa katikati ya msimu na Intermarché-Wanty ya Ubelgiji. Na hiyo Intermarché nayo, pamoja na ushindi wote aliouletea, mwishoni mwa 2025 ililazimika kuungana na Lotto. Msimu huohuo Arkéa-B&B Hotels ya Ufaransa ikafunga. Ukiona nyumba zinaanguka moja baada ya nyingine, msingi ndio wa kuangaliwa. Timu zilishajaribu kujitafutia mapato: mwaka 2014 kadhaa ziliunda muungano ulioitwa Velon, na baadaye mbio fupi za Hammer Series zilizoanza 2017, lakini bila waandaaji wakubwa hazikufika mbali.

Kwa hiyo Plugge na wenzake wanaposema timu zipewe kitu cha kumiliki, mimi nasema wana haki.

Tatizo langu linaanza pale ninapouliza ni nani atakayekaa ndani ya hiyo kampuni na mlango utafungwaje. Leo daraja la juu, WorldTour, lina timu 18, na kila baada ya misimu mitatu pointi zinahesabiwa: aliyepungukiwa anashuka, aliyekusanya anapanda. Mfumo huo una ukatili wake, lakini mlango uko wazi. Timu ikishakuwa na hisa ya kudumu, na mwekezaji akishalipia idadi fulani ya timu, kuna sababu gani ya kumruhusu mgeni apande na mwenye hisa ashuke? Mwekezaji anataka uhakika, na uhakika wa aliye ndani ni kufuli kwa aliye nje. Sisi ndio tulio nje.

Halafu kuna uthabiti wa pesa yenyewe. Hapa magharibi mwa Kenya hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mkimbiaji Emmanuel Wanyonyi, kijana wetu wa Trans Nzoia, Aprili 2025 alishinda mita 1500 kule Kingston, Jamaika, kwenye mashindano mapya ya Grand Slam Track yaliyoanzishwa na Michael Johnson, mkimbiaji wa zamani wa Marekani, kwa pesa za wawekezaji. Mshindi wa kila kundi aliahidiwa dola 100,000, na watu wakasema riadha sasa imepata wa kuithamini. Kufikia Juni mashindano ya mwisho, ya Los Angeles, yalifutwa. Wanariadha wakakaa miezi wakidai pesa zao, na Desemba kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Johnson hakuwa tapeli. Aliahidiwa mtaji ambao haukuja. Tofauti ni kwamba Wanyonyi alikuwa bado na Diamond League, mfululizo wa zamani wa mashindano ya riadha, ya kurudia. Je, mbio za baiskeli zikishahamishia kalenda yake yote ndani ya kampuni moja, mwendeshaji atarudi wapi?

Nao mashabiki wana hofu yao, isiyo ya bure. Mradi ulizungumzia mbio za mizunguko mifupi, ambapo waendeshaji hupita palepale mara kadhaa na sehemu zenye mahema zinauzwa. Wabelgiji wanajua ladha yake. Mwaka 2012 waandaaji wa Tour of Flanders waliiondoa Muur, kilima cha mawe cha Geraardsbergen ambacho vizazi vilikipenda, wakapeleka mwisho Oudenaarde ili waendeshaji wazunguke vilima vya Oude Kwaremont na Paterberg. Huko Kwaremont kulikuwa na nafasi ya mahema ya wageni wanaolipa. Watu wa Geraardsbergen waliandamana kwa namna ya mazishi, kilima chao kikiwa marehemu. Ni haki kusema pia kwamba mbio zenyewe hazikufa: zimepata mapato, umati ni mkubwa, na Muur ilirudishwa njiani mwaka 2017, ingawa mbali na mwisho. Hapo naona pande zote mbili zina ukweli. Lakini shabiki wa kando ya barabara akianza kukatiwa tiketi, baiskeli itakuwa imepoteza kitu ambacho mpira haujawahi kuwa nacho.

Kuhusu kwamba pesa ni za Saudia, hoja ya haki za binadamu ni nzito na siipuuzi. Serikali yoyote inayonunua michezo inanunua na sura nzuri. Ila anayeitumia hoja hiyo aitumie kwa wote. UAE ina timu yake tangu 2017, na Bahrain vilevile. ASO iliyokaa kando ya One Cycling ndiyo hiyohiyo inayoandaa mbio za Saudi Arabia, zilizoanza 2020 na sasa zinaitwa AlUla Tour. Pesa za Ghuba zilishaingia chumbani zamani. Kinachogombaniwa ni nani ashike ufunguo.

Sasa nirudi kwa kijana wa Riat, kwa sababu swali lake ndilo kipimo changu.

Ngazi ya Mwafrika kwenye baiskeli haikujengwa na timu kubwa, na ASO nayo haikuijenga. Girmay alipita kwenye kituo cha mafunzo cha UCI pale Aigle, Uswisi, kinachopokea vijana kutoka nchi zisizo na mbio za kutosha. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alifundwa na David Kinjah kule Kikuyu, kwenye nyumba ya kawaida yenye vijana na spana. Suleiman Kangangi wa Eldoret alifika nafasi ya tatu Tour du Rwanda mwaka 2017 akiwa na timu ndogo ya Ujerumani, kisha akaongoza Team Amani, timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki, hadi ajali iliyomuua kwenye mbio za barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Hao wote walipanda kwa vidato ambavyo havina biashara ndani yake: kocha anayejitolea, mbio ndogo zenye pointi, nafasi ya kusafiri. Septemba 2025 dunia nzima ilikuja Kigali kwa ubingwa wa dunia wa kwanza kufanyika Afrika, ikaona vilima vilivyojaa watu. Kutoka Kisumu hadi Kigali ni safari ya basi. Watazamaji tunao. Tunachokosa ni mbio za kutosha karibu na nyumbani.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na UCI ilivyolimaliza jambo hili. Ilikuwa na haki kukataa mradi ambao ungeunda utawala ndani ya utawala. Lakini kukataa bila kuleta dawa yake kwa ugonjwa uliowaua Delko na Qhubeka ni kumwacha mgonjwa mlangoni. Mimi ningeipokea pesa ya nje, hata ya Saudia, kwa masharti matatu yaliyoandikwa kabla ya mkataba: kupanda na kushuka daraja kubaki, barabara kubaki bure kwa anayesimama, na fungu lililotajwa kwa asilimia la mapato ya televisheni liende kwenye mbio za chini za mabara yasiyo Ulaya, likae mikononi mwa mtu mwingine asiye mwekezaji, ili akiondoka fungu lisiondoke naye. Sharti la tatu ndilo sijaliona likipiganiwa na upande wowote. Timu hazilisemi, ASO hailisemi, na shirikisho letu hapa nyumbani sijalisikia likiuliza.

Sisi tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza. Hata neno bodaboda lilizaliwa huku, Busia, kwa watu waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka wakiita "boda, boda". Asubuhi ukisimama Kibuye utaona mtu amefunga kreti tatu nyuma ya baiskeli ya Black Mamba, anakanyaga pedali akiwa amesimama, bila gia hata moja. Miguu ya kazi hii ipo.

Kijana alinisikiliza hadi hapo, kisha akauliza swali fupi: mbio za karibu zenye pointi ziko wapi, na nauli ni kiasi gani. Fundi alikuwa ameshamaliza kukaza spoki za gurudumu. Akalizungusha mara ya mwisho, chaki haikugusa.