Ile L ya pili

Kazi yangu ni mabango. Mteja analeta jina, mimi nakata herufi za akriliki, fundi anapanda ngazi kuzibandika. Tunatoza kwa herufi. Ndiyo maana siku moja mama mmoja mwenye duka la dhahabu Kariakoo alisimama mbele ya meza yangu, akazihesabu herufi nilizompangia, moja moja kwa kidole, kama mtu anayehesabu noti asizoziamini, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mbona hizi tisa?"

Nilikuwa nimemkatia JEWELLERY, neno la Kiingereza la mikufu, pete na wenzao. Yeye alikuwa ameleta JEWELRY, herufi saba, kwenye ujumbe wa simu aliotumiwa na kijana wake aliyeko Marekani. Niliona kijana kakosea, nikasahihisha bila kuuliza. Nilifundishwa Kiingereza na mwalimu aliyekuwa akikata maksi kwa kila L iliyopungua, basi nikajiona mjuzi.

"Mama, Kiingereza sahihi ndivyo kilivyo."

"Mwenzio yuko huko huko kwenye Kiingereza. Wewe uko Msimbazi."

Nikanyamaza. Kusema kweli alikuwa na haki, na usiku ule nilipokaa kulichimba neno lenyewe nikakuta haki yake ni kubwa kuliko alivyojua. Tahajia zote mbili ni sahihi: Waingereza wanaandika *jewellery*, Wamarekani *jewelry*. Noah Webster, yule wa kamusi kubwa ya Marekani ya 1828, hakuona sababu ya kurudia L kwenye silabi isiyotiliwa mkazo, kwa hiyo *traveller* ikabaki na L moja, na *jeweller*, yaani muuza vito, vilevile. Ukienda Birmingham, mtaa wao wa masonara unaitwa Jewellery Quarter kwa herufi zote tisa. New York wangekuona umezidisha.

Lakini lililonifanya nicheke peke yangu ni hili: umbo fupi ndilo kongwe. Waingereza wenyewe walilichukua kutoka Kifaransa cha kale tangu karne ya 14, likiandikwa *juelrye* na mfano wa hayo. Lile refu limeanza kuonekana karne ya 18, watu walipochukua *jeweller* wakaongeza Y mwishoni. Kwa hiyo miaka yote ile mwalimu wangu alikuwa akitukata maksi kwa kufanana na mababu wa Waingereza. Simlaumu. Kiingereza cha shule zetu kililetwa na Mwingereza, halafu simu zetu zikaja na Kiingereza cha Marekani, na mitaani tunavichanganya vyote viwili. Ndiyo sababu nimewahi kuona, kwenye barabara moja, JEWELLERY, JEWELRY, JEWELERY na hata JEWERLY. Hiyo ya mwisho haina nchi.

Sasa asili yake. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiamini, na nimewahi kumbishia mtu kijiweni, kwamba *jewel*, yaani kito, ni johari yetu iliyopanda meli ikaenda Ulaya. Zisikilize: johari, juweli. Maana karibu ileile. Nani asingedanganyika? Lakini hawana undugu. Johari tumeipata kwa Waarabu, *jawhar*, nao waliitoa kwa Waajemi, kwao *gohar*, neno lenye maana ya kito na pia ya kiini cha kitu, ile asili ya ndani isiyobadilika. *Jewel* ilipita njia nyingine kabisa. Iliingia Uingereza mwishoni mwa karne ya 13 hivi kupitia Kifaransa cha Wanormani, *juel*, na wataalamu wengi wanaifikisha kwenye Kilatini *jocus*: mchezo, utani. Ndiko lilikotoka pia neno *joke*. Wapo wanaoipeleka kwa *gaudium*, furaha. Na wale wanaodhani inahusu Wayahudi wamedanganywa na sikio tu, maana jina la Wayahudi linatoka kwa Yuda.

Mimi nakaa upande wa utani. Mtazame mtoto wa miezi minane aliyebebwa na mama aliyevaa mkufu: hajui bei, hajui karati, lakini ataukamata, ataupeleka mdomoni, ataucheka. Mlatini aliliona lile jambo. Mwajemi akaona kiini cha kitu. Tumeirithi ya Mwajemi, na pengine ndiyo maana johari kwetu imekuwa neno zito, la mashairi na la majina ya mabinti, wala si la kuandika juu ya mlango wa duka.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu siku ya pili nilimwita yule mama na wazo ambalo niliona litampendeza hata mfuko wake. "Mama, tuandike SONARA. Herufi sita."

Akanitazama kwa huruma. "Sonara ni yule anayekaa na moto na nyundo. Mimi nanunua Dubai, nauza."

Ni kweli. Sonara, neno tulilopewa na Wahindi, ambao *sona* kwao ni dhahabu, ni fundi. Nikamtajia vito. Akasema vito ni mawe, nendeni Mirerani kwenye migodi. Mikufu yake haina jiwe hata moja. Mapambo? Hayo ni ya kumbi za harusi, yeye atakuwa anapigiwa simu aulizwe bei ya viti. Nilikuwa nimekuja na msimamo kwamba tunaandika Kiingereza kwa kujikweza tu, na bado naamini nusu yake, hasa baada ya kuniambia: "Ukiandika Kiswahili, wanataka na bei ya Kiswahili." Lakini nusu nyingine aliniondoa. Tuna maneno manne mazuri, kila moja limeshika kona yake, na hakuna linalobeba pete, hereni, bangili, kidani na kikuku kwa pamoja bila kuvuta kitu kingine. Waingereza walipata kapu moja. Sisi tuna vikapu.

Cha ajabu, mstari wa chini wa bango haukutupa shida yoyote: KARATI 18, 21, 22. Neno hili limezunguka kuliko hata *jewel*. Wagiriki walisema *keration*, kipembe kidogo, wakimaanisha ganda la mti wa mkharubu ambalo mbegu zake zilitumika kupimia uzito, Waarabu wakasema *qirat*, Wazungu wakalichukua. Kwenye mawe, karati moja ni gramu 0.2. Kwenye dhahabu ni sehemu katika 24, kwa hiyo ya karati 18 ina robo tatu ya dhahabu na robo iliyobaki ni madini mengine. Wamarekani huandika K kwa dhahabu na C kwa mawe. Sisi tumeweka K, basi, na mteja yeyote Kariakoo anajua kuuliza karati ngapi hata kama hajawahi kushika kitabu cha Kiingereza.

Natamani *jewellery* nayo ingepata bahati hiyo, ikatulia kwenye ulimi wetu kama karati ilivyotulia. Mimi ningeiandika JUELERI, nione nani atanikatia maksi. Yule mama hakutaka kuwa wa kwanza.

Tulimaliza hivi: DHAHABU NA FEDHA kwa herufi kubwa, JEWELRY chini yake, halafu karati. Herufi saba alilipia yeye, mbili zilizozidi nikalipia mimi. Ziko rafuni hadi leo, L na E, rangi ya dhahabu, sentimita 30 kwenda juu. Anayefungua hoteli na apite, nitampunguzia.