Ithibati ya ng'ambo: chuo binafsi kinanunua nini?

Kuanzia 2016 serikali ya Kenya iliwapeleka baadhi ya wanafunzi wake katika vyuo vikuu binafsi na kuwalipia sehemu ya karo. Mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 uliifunga njia hiyo: anayechagua chuo binafsi aweza kuomba mkopo, ila ruzuku ya masomo hapati. Ndipo manaibu chansela wengi wa vyuo hivyo wakazidi kutazama nje, kwenye ubia na vyuo vya kigeni na ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora, za ng'ambo, wakisema zinafaa gharama yake.

Hoja yao ina uzito. USIU-Africa ya Nairobi, iliyoanza 1969 na kupata hati ya Kenya ya kuwa chuo kikuu kamili 1999, ina ithibati mbili: ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na ya WSCUC, chombo cha Marekani kinachokagua ubora wa vyuo. Faida si mwanafunzi kuhamishia kozi zake chuo kingine tu. Wakaguzi wa nje huuliza yale ambayo baraza la chuo, hasa lililojaa jamaa za mwanzilishi, huona haya kuyauliza: bajeti imepitishwa na nani, wahadhiri wa kudumu ni wangapi, wanaofeli wanafelia wapi.

Tatizo ni kwamba karo huingia kwa shilingi, ilhali ada ya mshirika wa ng'ambo, majarida na leseni za programu hutoka kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa shilingi 113 hivi. Januari 2024 ikagonga 160. Ada ya dola 50,000 ikatoka shilingi milioni 5.65 hadi milioni 8, na mshirika hakuongeza hata senti. Karo haipandishwi katikati ya mwaka, kwa hivyo panapobanwa kwanza ni malipo ya wahadhiri wa muda. Nao wakikaa miezi bila malipo, hushikilia alama, mahafali yakasogezwa.

Tena nembo ya kigeni haimsajili mhandisi. Kozi isipotambuliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya, mhitimu hukwama, jambo ambalo vipeperushi vya udahili hulinyamazia.

Kwa hiyo ithibati inayokagua uongozi wenyewe yastahili dola zake. Ubia wa kuazima nembo, hapana. Tofauti huonekana kwenye mkataba: shahada inatolewa na nani, mtihani unasahihishwa upya na nani, malipo yanakokotolewa kwa kiwango cha dola cha siku gani. Kisha kuna kifungu kinachosahaulika mara nyingi, cha mshirika kujitoa wanafunzi wakiwa mwaka wa pili kati ya minne: nani atawafundisha hadi wamalize, na kwa pesa za nani.